Alternata kubwa kwa waya mwembamba ni hasara kwa mwenye gari la zamani

Mamia ya magari ya Land Rover, mengi yakiwa ya miaka mingi, yalipokusanyika jijini Arusha Oktoba 2024 kwa ajili ya tamasha lao, watu wengi waliokwenda kuyatazama waliyaona kama kumbukumbu ya zama zilizopita. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, gari la zamani si kumbukumbu hata kidogo. Ndilo linaloteremsha mboga kutoka milima ya Lushoto, ndilo linalotoa nyanya mashambani na kuzifikisha barabara kuu ya Ilula, na ndilo linalobeba maziwa, mbolea na wakati mwingine mgonjwa wa kijiji.

Magari haya yamedumu kwa sababu zinazoeleweka. Chuma chake ni kizito, spea zake zinapatikana, na fundi wa kijijini anaweza kuyafungua na kuyafunga kwa spana chache bila kuhitaji kompyuta. Kiuchumi, mkulima anayetunza gari la mwaka 1975 badala ya kukopa ili kununua jipya hafanyi jambo la kijinga. Anatumia mtaji alionao.

Hata hivyo, lipo kosa moja linalofanyika katika gereji nyingi ambalo linakula mtaji huo taratibu bila mwenye gari kujua. Gari linafungwa alternata kubwa zaidi, lakini waya unaotoa umeme kwenye alternata hiyo kwenda kwenye betri unaachwa ule ule wa kiwandani. Kazi hiyo ni nusu kazi, na mwenye gari anayeilipia kama kazi kamili anapata hasara mara mbili.

Mzigo umeongezeka, njia ni ile ile

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mwaka 1948. Wakati huo na kwa miaka mingi baadaye, magari na matrekta ya Uingereza yalichaji betri kwa dainamo. Dainamo ya Lucas aina ya C40, ambayo mafundi wazee wanaifahamu vizuri, ilitoa ampea 22 hadi 25 tu, tena injini ikiwa silensa haikuchaji kitu cha maana. Miaka ya 1970 magari mengi ya huko yalihamia kwenye alternata, na iliyoenea sana ilikuwa Lucas 16ACR yenye uwezo wa ampea 34.

Waya wa kuchaji, ambao kwenye magari mengi ya Uingereza ni wa rangi ya kahawia, ulipimwa kulingana na mashine hizo. Umeme uliohitajika ulikuwa wa taa kubwa mbili, taa ndogo, honi, waipa na pengine redio. Waya ulitosha na ulifanya kazi yake.

Leo mambo ni tofauti. Alternata ya asili ikifa, fundi huchukua iliyotumika ya gari la Kijapani, yenye ampea 60, 70 au zaidi, akatengeneza kishikio na kuifunga. Uamuzi huo peke yake hauna ubaya, kwa kuwa mahitaji ya mwenye gari nayo yamekua. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja hula ampea 8 hivi. Akiongeza taa mbili za mbele za wati 100 kwa ajili ya barabara za shamba usiku, ni ampea 15 nyingine. Akifunga inveta ili auze huduma ya kuchaji simu gulioni, nayo ikavuta wati 300, ni takriban ampea 25. Betri iliyoshuka chaji inaweza kudai ampea 20 kwa muda baada ya gari kuwaka. Jumla inakaribia ampea 70.

Mkulima wa umwagiliaji anaijua hali hii vizuri kuliko anavyodhani. Ukinunua pampu yenye nguvu mara mbili ukaiunganisha na bomba lile lile jembamba, maji yanayofika kwenye bustani hayaongezeki mara mbili. Pampu inahangaika, viungo vya bomba vinavuja, na mafuta yanateketea. Umeme nao una tabia hiyo, isipokuwa unachovuja ni joto.

Hesabu haidanganyi

Ikichukuliwa kuwa waya wa zamani una unene wa milimita za mraba 4 na urefu wa mita 3, ukinzani wake ukiwa mzima ni takriban omu 0.013. Ukipitisha ampea 30, unapoteza volti 0.4 njiani na kutoa joto la wati 12. Ukipitisha ampea 60, upotevu unakuwa karibu volti 0.8 na joto linafika wati 46. Umeme umeongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne.

Fundi wa redio anayeyusha risasi kwa pasi ya wati 40. Ni kweli kwamba joto la waya husambaa katika mita zake tatu, ndiyo maana hauungui siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba waya wa miaka 40 si mzima. Shaba yake imegeuka nyeusi au kijani kwa ndani, vichwa vyake vimelegea, na pengine umeungwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa plasta. Palipo na kiungo kibovu ndipo joto linapokusanyika.

Waya wa milimita za mraba 16 wenye urefu ule ule una ukinzani wa omu 0.003 tu. Ukibeba ampea 60, unapoteza volti 0.2 na kutoa joto la wati 12, yaani joto lile lile alilolikusudia mtengenezaji wa gari alipoweka waya wa kwanza kwa mzigo wa kwanza. Huo ndio ukarabati unaostahili kuitwa ukarabati.

Gharama inayolipwa alfajiri

Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyotulia husoma takriban volti 12.6. Ili ijae vizuri, inahitaji kupokea kati ya volti 13.8 na 14.4 injini ikiwaka. Alternata inaweza kutoa volti 14.2 kwenye mlango wake, lakini ikiwa 0.8 inapotea kwenye waya na nyingine kidogo kwenye viungo na ethi, betri inapata 13 na ushee. Gari linatembea, taa ya chaji imezimika, na mwenye gari anaamini kila kitu kiko salama.

Kumbe betri haijai. Betri ya risasi inayoishi na njaa kwa miezi hujijengea utando mgumu kwenye sahani zake na hupoteza uwezo wa kushika chaji. Mwenye gari ananunua nyingine, naye anamlaumu muuza betri. Betri ambayo ingedumu miaka 3 ikidumu mwaka 1, basi katika miaka 3 amenunua betri 3 badala ya 1. Bei za betri hubadilika kila msimu, lakini betri mbili zilizoongezeka siku zote zitazidi bei ya mita 3 za waya mnene.

Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa hutokea saa 10 alfajiri, gari lilipopakiwa tangu jioni na stata ikalia mara moja tu na kunyamaza. Maziwa ambayo hayajapoozwa hayasubiri fundi aamke, bali huchachuka ndani ya saa chache. Nyanya zilizoiva hazirudi shambani. Anayefika sokoni saa 4 asubuhi badala ya saa 11 alfajiri anakuta wanunuzi wa jumla wameshaondoka, anauza kwa bei ya kutupa. Mkulima huyu hataandika popote kwamba amepata hasara kwa sababu ya waya. Atasema bei ya soko ilikuwa mbaya.

Ipo pia hatari ya moto, ambayo hutokea mara chache lakini huchukua kila kitu. Wamiliki wengi wa magari ya namna hii hukata bima ndogo ya lazima, ile inayomlinda mtu mwingine. Gari lenyewe likiungua kwa hitilafu ya waya, bima hiyo haimlipi mwenye gari hata senti moja. Mtaji wa miaka 20 unaweza kuishia kando ya barabara kwa dakika 20.

Kwa nini kosa hili linaendelea

Jibu rahisi ni kusema mafundi ni wavivu. Jibu hilo si la haki. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala maarufu kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo. Hoja yake ni kwamba pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hajui, mnunuzi hukataa kulipia ubora, na mwishowe vitu bora huondoka sokoni.

Ndicho kinachotokea kwenye waya. Mwenye gari anaiona alternata, anaishika na anakubali kuilipia. Waya umefichwa chini ya boneti, na yeye hana kipimo. Fundi mwaminifu anayetaja bei ya alternata pamoja na waya, vichwa vyake na fyuzi anaonekana ghali mbele ya jirani yake anayefunga alternata tupu. Baada ya kupoteza wateja wawili watatu, fundi huyo naye anajifunza kunyamaza.

Dukani hali ni mbaya zaidi. Kuna nyaya zinazouzwa kwa jina la shaba, kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Waya wa aina hiyo hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule, na vichwa vyake hulegea mapema. Nyingine zina plastiki nene na uzi mwembamba ndani, ili zionekane kubwa kwa macho. Mnunuzi akikwangua uzi kwa kisu na kuona weupe, huo si waya wa kununua. Waya wa shaba halisi pia huwa mzito mkononi.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema, "Gari hili limetembea na waya huu tangu enzi za baba, leo kuna nini?" Jibu ni kwamba enzi za baba waya ulibeba ampea 30. Aliyebadilisha mashine amebadilisha swali, hawezi kutegemea jibu la zamani.

Wengine husema alternata haitoi ampea 70 muda wote, hutoa kinachohitajika tu. Hilo ni kweli, na ni hoja nzuri. Gari lenye alternata kubwa lakini betri iliyojaa na taa zimezimwa linaweza kutembea siku nzima na ampea 10. Lakini hatari haiji siku hiyo. Inakuja siku betri imeshuka, gari limesukumwa likawaka, ni usiku, taa zote zimewashwa na kuna mvua. Waya hupimwa kwa siku mbaya, kama ghala linavyojengwa kwa msimu wa mavuno na si kwa mwezi wa njaa.

Kuna hoja ya tatu inayotolewa na mafundi wenye ujuzi, kwamba alternata nyingi za Kijapani zina waya mwembamba wa kuhisi volti za betri, na hivyo mashine yenyewe hufidia upotevu. Ni kweli ikiwa waya huo umeunganishwa kwenye betri yenyewe. Hata hivyo, kufidia kunaokoa betri tu. Joto kwenye waya wa kuchaji linabaki pale pale.

Ni vema pia kueleza kwamba si kila gari la zamani linahitaji waya mpya. Mwenye alternata ya asili na mzigo wa asili anahitaji kusafisha viungo, kubana vichwa na kukagua ethi, basi. Kumuuzia huyo waya mnene ni kumpotezea fedha.

Kipimo ni cha dakika tano

Uamuzi hauhitaji kubahatisha. Fundi awashe injini, aongeze mwendo kidogo, awashe taa zote na mizigo mingine. Kisha achukue mita ya umeme, aiweke kwenye volti, ncha moja aiguse kwenye mlango mkuu wa alternata na nyingine kwenye chanya ya betri. Mita ikisoma volti 0.2 au 0.3, njia ni nzuri. Ikizidi 0.5, njia ni mbovu. Arudie kati ya bodi ya alternata na hasi ya betri, kwa maana umeme unaokwenda lazima urudi, na kutu au rangi kwenye kishikio cha alternata huweza kuwa ndiyo chanzo cha tatizo lote.

Ikithibitika kwamba waya hautoshi, kazi ifanywe kwa utaratibu. Hasi ya betri ifunguliwe kwanza na irudishwe mwisho. Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai, kwa sababu mtikisiko wa gari huukata. Kebo ya mashine ya kuchomelea yenye shaba halisi inafaa ikipitishwa ndani ya mpira wa kuikinga na mafuta na joto. Vichwa vibanwe kwa koleo lake, si kwa nyundo. Waya upite mbali na ekzosi, na panapotobolewa bati pawekwe mpira. Kwa magari mengi si lazima waya ufike kwenye betri. Unaweza kuishia kwenye nati kubwa ya stata ambapo kebo nene ya betri tayari imefika, na hivyo kuokoa mita moja au mbili.

Fyuzi isisahaulike. Betri ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea kwa sekunde chache waya ukigusa bodi, na magari mengi ya zamani hayakuwa na fyuzi yoyote kwenye waya wa kuchaji. Kwa alternata ya ampea 60 hadi 65, fyuzi ya ampea 80 upande wa betri inatosha kwa waya wa milimita za mraba 16. Waya wa zamani ukiachwa sambamba na mpya, nao uwekewe fyuzi yake inayolingana na unene wake, vinginevyo ile kubwa ikikatika mzigo wote utahamia kwenye waya dhaifu.

Magari yenye mita ya ampea kwenye dashibodi yanahitaji uangalifu zaidi, kwani umeme wote wa kuchaji huingia ndani nyuma ya mita na kurudi. Ni salama kuikwepa mita hiyo na kuweka ya volti badala yake. Aidha, magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa na ethi ya chanya. Hayo yasifungwe alternata ya kawaida kabla ya mfumo wote kugeuzwa, la sivyo daiodi zitaungua mara moja.

Anayelipa adai vipimo

Soko hili halitajirekebisha kwa kuhubiriwa. Litarekebishwa na mteja anayedai vipimo viwili vya volti, kimoja kabla ya kazi na kingine baada yake, viandikwe kwenye risiti. Fundi mzuri hatachukia, kwa kuwa vipimo hivyo ndivyo vitakavyomtofautisha na yule wa bei ya chini. Vyama vya ushirika na SACCOS vinavyokopesha wanachama fedha za kutengeneza magari vinaweza kuweka sharti hilo hilo bila gharama yoyote. VETA nayo inaweza kulipa somo la upotevu wa volti uzito sawa na lile la kufungua stata. Shirika la Viwango, TBS, linayo sababu ya kutembelea maduka ya nyaya za magari kama linavyotembelea ya vyakula, kwani aluminiamu inayouzwa kama shaba ni udanganyifu wa kibiashara kama kuuza mbegu bandia.

Mkulima anayepima mbolea kwa kilo na kuhesabu kreti za nyanya moja moja hana sababu ya kulipia umeme wa gari lake kwa kukisia. Kabla ya msimu ujao wa mavuno kuanza, gari likiwa bado halijapakiwa, ni wakati mzuri wa kufungua boneti, kuazima mita kwa fundi na kusoma volti. Ikizidi nusu, fedha ya betri inayofuata inunue waya kwanza.